Mama Agnesi Ni Mmoja

Newala, alasiri, siku moja kabla hujaondoka

Mwanangu Agnesi,

Utakapoisoma barua hii utakuwa umeshashuka mlima, umeshafika hospitali ya Lulindi, na vumbi la lori litakuwa bado limo nyusini mwako. Nitaificha kati ya shuka zako mbili nyeupe, kwa sababu nakujua. Nikikupa mkononi utasema, "Asante, Baba," uitie mfukoni, kisha uisahau mpaka siku ya kufua.

Sitakuandikia habari za kuchemsha sindano, wala namna ya kutandika kitanda, wala kupima homa. Hayo masista wa Lulindi watakufundisha, tena kwa kelele. Nataka kukuandikia habari za vijana, maana najua ndio utakaopewa. Mwanafunzi mpya wa uuguzi, naye mwenyewe ana miaka kumi na saba, hupewa wagonjwa ambao wakubwa wamewakimbia, na wanaokimbiwa kuliko wote ni wale waliopita utoto lakini hawajafika ukubwa. Kitanda cha mtoto hakiwatoshi, miguu inaning'inia. Ukiwalaza na watu wazima, wanaona haya hata kukohoa. Ukiwauliza wanaumwa nini, wanasema "hapana kitu" huku wanalia.

Mimi baba yako, mfunga vidonda wa zahanati ya hapa, nimewauguza watu hao tangu kabla hujaota meno. Watu wa huku wanasema, "Mpelekeni kwa Dresa, yeye anawajua vijana." Nami nilikuwa nayapokea maneno hayo kwa kidevu juu. Sasa naona haya, maana kuna kijana mmoja nyumbani mwangu mwenyewe ambaye tangu wiki ya harusi yangu sijui ana nini.

Harusi yangu! Agnesi, nivumilie. Mimi ni bwana harusi, na kila nikilitaja neno hilo kalamu inataka kukimbia yenyewe. Najua unaona aibu. Najua ulijificha nyuma ya nguzo ya kanisa nilipolia wakati wa viapo. Lakini wewe ulimwona bibi harusi alivyoingia kanisani? Ulimwona alivyonyoosha shingo, kama kwamba kanisa zima limechelewa na yeye ndiye aliyewahi? Mtu wa umri wangu, aliyezoea kula ugali wa jana, anaamka asubuhi anamkuta kiumbe kama yule anachagua mawe kwenye mchele akiimba! Ningekuwa na mabawa ningeruka mpaka Mkunya na kurudi kabla ya chai.

Basi. Nilikuwa nakuandikia habari zako.

Asubuhi ya pili ya ndoa yetu nilikuwa uani, jua limetoka, moyo umejaa. Wewe ulikuwa umeshika birika, unamimina chai. Nikamwita mke wangu kwa sauti ya mtu aliyeokota almasi: "Mama Agnesi! Mama Agnesi, njoo uone jua hili!" Ukaliweka birika chini. Hukulitupa, uliliweka polepole sana. Ukaingia ndani.

Tangu siku ile humsemeshi. Chumvi ikiisha unauambia ukuta, "Chumvi imekwisha." Ukitaka kupita alipokaa, unamwambia mbuzi asogee. Mimi dresa mzima nilikutazama ulimi, nikakubonyeza tumbo, nikakupa dawa ya minyoo. Ukainywa bila neno, jambo ambalo lilipaswa kunishtua kuliko yote, kwa maana tangu utotoni dawa ile hujawahi kuinywa bila vita.

Na juzi, ulipokuwa unakunja nguo, nikakuambia, "Krismasi tutakupokea kwa pilau." Ukajibu bila kunitazama: "Krismasi nitabaki Lulindi. Wanafunzi wengine hubaki."

Mwanangu, sijalala vizuri tangu juzi. Naogopa lori la kesho. Naogopa litamchukua mtoto wangu na mwakani litaniletea mgeni mwenye adabu.

Kwa hiyo nimekaa kuandika. Nilipokosa kukuelewa nimeamua nikuandikie niliyokwisha kuyakosea kwa wengine, yakusaidie huko. Pengine na mimi yatanisaidia.

Kulikuwa na msichana mmoja, nitamwita Rosa. Alikuwa anakuja zahanati kila baada ya siku chache, amevaa sare ya shule, ameshika kichwa.

"Kinauma wapi?"

"Huku."

"Huku wapi?"

"Kote."

Nikampa asipirini. Akarudi, nikampa tena. Akarudi tena, nami nikakumbuka kwamba mtu aliyesoma sekondari hatakiwi kugawa asipirini bila uchunguzi. Basi nikachunguza. Nikamsimamisha mbele ya benchi lililojaa akina mama na watoto wao, nikamwuliza kwa sauti niliyokuwa naitumia kwa wazee wasiosikia: damu yake ya mwezi imekuja lini, na imekuja nyingi au kidogo?

Benchi zima likanigeukia. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama. "Dresa! Unapiga mnada? Sema na bei basi, tununue!"

Rosa alikuwa ameshakimbia. Nilimwona anakatiza kwenye mikorosho, sketi inapepea.

Alirudi, ashukuriwe Mungu. Siku hiyo nilikuwa nimeanua bendeji zilizofuliwa, kikapu kizima, nami sikuwa na wa kunisaidia kuzikunja. Nikamwambia akae. Tukakaa sote kwenye ngazi ya nyuma, tunatazama upande mmoja, tunakunja. Sikumwuliza kitu, si kwa busara, bali kwa kuogopa yule mama. Tulipofika karibu na nusu ya kikapu akasema, akiwa anaiambia bendeji, "Wanataka niache shule. Nimetoka unyagoni, wanasema sasa mimi ni mke wa mtu tayari, bado huyo mtu tu."

Nilitamani kumgeukia, nimhubirie, nimshike bega. Lakini mikono yangu ilikuwa imefungwa na bendeji. Nikasema, "Ehe." Na kwa ile "ehe" moja alinieleza mambo yote mpaka kikapu kikaisha. Tangu hapo, Agnesi, naweka kando bendeji zisizokunjwa. Watu wakisema zahanati yetu ina bendeji nyingi kuliko vidonda, waache waseme. Kijana ukimkazia macho anafunga mlango. Mpe kazi ya mikono, ukae ubavuni mwake, uone.

Na kwa ajili ya Rosa ndipo alipokuja yeye, mke wangu wa sasa. Siku moja nilikuwa nampima homa Mzee mmoja wa Mkunya. Mlango ukafunguka kwa kishindo, akaingia mwanamke mrefu mwenye chaki kwenye vidole.

"Wewe ndiye Dresa?"

"Ndimi."

"Wewe ndiye unayemtupia mwanafunzi wangu asipirini kama mtu anayelisha kuku?"

Sauti ile! Nimesikia kinanda cha kanisa kuu, nimesikia mvua ya kwanza ikipiga bati baada ya kiangazi, lakini sauti ile iliniingia mahali ambapo sikujua kama pana mlango. Nilijieleza, nikajikanyaga, nikaeleza habari za bendeji. Akaketi. Tukapanga namna ya kwenda kwa wazazi wa Rosa. Tulipomaliza nikamgeukia mgonjwa wangu, nikaona nimemtia kinywani kalamu ya risasi, na kipimo cha homa nimekichomeka sikioni mwangu. Yule Mzee kwa heshima yake hakuitema. Aliitoa taratibu, akaniuliza, "Dresa, nimepona?"

Tulikwenda kwa wazazi wa Rosa mara nyingi. Kila tukienda, tulibishana njiani nani aanze kusema, na tulipofika tulibishana mbele yao nani amemkatiza mwenzake. Mwishowe baba yake Rosa akainua mikono. "Haya, mtoto amalize shule! Ila nyie wawili mnagombana kama mtu na mkewe. Kamalizieni kwenu." Rosa akarudi darasani. Nasi tukaenda kumalizia kwetu.

Nakuambia haya kwa sababu huko utawauguza vijana waliopenda. Mimi miaka yote niliwacheka. Mvulana hali, anatazama dari, moyo unamwenda mbio, nami nikisema, "Hilo litapita kama mafua." Kisha likanipata mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi kidevuni! Sikula, nikatazama dari. Nikavaa koti jeupe ndani nje kutwa nzima. Wavulana waliolazwa barazani wakanishika.

"Dresa, njoo tukupime."

"Nyamazeni, mnywe dawa."

"Ulimi toa! Jamani, huyu hali mbaya. Andika: apelekwe shule akalazwe kwa Mwalimu."

Walinicheka mpaka mmoja akafumuka mshono. Lakini niliona kitu, mwanangu: hawakuwa wakinidharau. Walifurahi kwamba ugonjwa wao umeonekana ni ugonjwa wa kweli, maana hata Dresa unampata. Basi akija kwako kijana wa namna hiyo, mshike mkono umhesabie mapigo, kwa uso wa kazi kabisa. Mapigo yanakwenda mbio kweli. Si kwamba anaigiza.

Sasa nikupe kisa cha Selemani, ambacho ndicho nilichokosea vibaya kuliko vyote, nawe ulikuwa mdogo hukumbuki.

Selemani alianguka kutoka juu ya mkorosho akavunjika mguu. Nilimjua tangu anatambaa, kwao hapakuwa mbali nasi. Alikuwa ametoka jandoni msimu ule ule. Nikamfunga mbao, nikamlaza, na kila asubuhi nikaingia kwa furaha nikimwita kwa lile jina lake la utotoni, ambalo hata hapa silitaji. "Fulani wangu! Umeamkaje, Fulani?" Nilidhani namfariji, hasa kwa vile mama yake alikuwa mbali.

Akageukia ukuta. Uji ukapoa. Siku ya pili, uji ukapoa. Nikapima homa, hana. Nikatazama ulimi, safi. Nikampa dawa ya minyoo. Na alipozidi kukataa kula, nikamnywesha mafuta ya nyonyo. Agnesi, fikiria: mtu ambaye mguu wake umefungwa kwenye ubao, hawezi kuinuka, wewe unamnywesha mafuta ya nyonyo! Wodi nzima iliteseka pamoja naye. Kuna mgonjwa aliyeomba ruhusa ya kurudi kwake ilhali hakuweza kutembea.

Katikati ya balaa hilo nikamwinamia, nikamwambia kwa upole, "Fulani, mwanangu, sema, unataka nini?"

Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Dresa, huyo unayemwita amekufa. Tumemwacha kule porini. Kama unamtaka, kamfukue. Mimi naitwa Selemani."

Kumbe! Nami nilizaliwa huku huku, nikapita huko huko, nikapewa jina langu huko, tena nililipigania kwa ngumi mtu aliponiita la zamani. Kusoma sekondari hakukunisahaulisha, nilisahau tu kwamba yule mtoto niliyemjua hakuwa mtoto tena. Nikasimama wima. Nikasema, "Selemani, bwana, uji uko tayari."

"Uletwe," akasema, kama jumbe. Akala bakuli mbili na akaomba chumvi.

Nilikuwa nataka kukuandikia hapa kwamba jina la mtu wa umri huo ni mali yake, na usilishike kwa mikono ya mwaka jana. Ukimwita mtu kwa jina la

Agnesi, niliiweka kalamu chini hapo. Sasa narudi, jua limeshainama. Nisamehe wino uliochuruzika.

Niliandika lile neno "amekufa", nikaliangalia, na birika likanijia machoni.

Mama Agnesi. Miaka yote ile, kinywa changu hakikujua neno jingine la kumwita mke. Marehemu mama yako sikumwita kwa jina lake tangu siku uliyozaliwa. Nilimwita kwa jina lako, na kijiji kizima kikamwita hivyo, na kwa jina hilo tukamwombea siku tuliyomzika. Kisha nikaamka asubuhi moja na furaha zangu, nikalichukua jina hilo, ambalo nusu yake ni jina lako wewe, nikampa mtu mwingine mbele yako, nikiwa nacheka. Wala hukuulizwa. Na majirani, kwa kuwa ni watu wa adabu, wakafuata. "Hujambo, Mama Agnesi?" "Mama Agnesi, karibu." Kila siku, dirishani kwako. Na mimi nikakupa dawa ya minyoo.

Nilitoka na wino ungali vidoleni. Nikaanza kwa Mama Danieli, jirani yetu, alikuwa anatwanga.

"Mama Danieli, nakuomba. Mke wangu usimwite tena Mama Agnesi."

Akaacha mchi hewani. "Mmeachana?"

"Hatujaachana! Nampenda kama—"

"Hilo tumelisikia, tumelisikia mpaka tumechoka. Sasa?"

"Mama Agnesi ni yule marehemu. Ni mmoja tu."

"Baba Agnesi, wewe mwenyewe uliita kwa sauti mpaka kuku wakaruka. Sisi tukasema, haya, ndivyo anavyotaka. Na leo unakuja kutufunga midomo?" Kisha akashusha mchi, akasema polepole, "Lakini ni kweli. Mimi mwenyewe kila nikimwita hivyo ulimi ulikuwa unakwama. Nilidhani ni meno."

Nikaenda dukani kwa Mzee Athumani. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, bwana harusi." Nikamweleza. Akashika ndevu.

"Sasa tumwite nani? Mke wa mtu hawezi kutembea bila jina kama mbuzi wa kupotea. Hana mtoto. Bado, inshallah."

"Mwalimu. Mwiteni Mwalimu."

"Mwalimu," akalionja. "Lina heshima. Na wewe tukuite mwanafunzi?" Watu waliokuwa barazani wakaangua kicheko, na nadhani hilo jina litanibaki.

Nikapita nyumba kwa nyumba mpaka kwa waimba kwaya, na niliporudi nikamkuta mke wangu anachambua kunde. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Hakushangaa.

"Nilikuwa nangoja," akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Mara tatu. Ulikuwa unanitazama macho, hukusikia neno." Akapepeta kunde. "Mimi sikuja hapa kuvaa kanga ya mtu. Nina za kwangu."

Mwangalie mtu huyo, Agnesi! Hapana, usimwangalie kama hutaki. Ndilo ninalotaka kusema. Mama yako amelala pale nyuma ya kanisa, upande wa mashariki, na jina lake amelala nalo. Alikuwa na mwanya, alicheka akifunika kinywa, na aliposhuka kwenda kuteka maji alikubeba wewe mgongoni na kibuyu kichwani, akapanda mlima wote ule bila kumwaga. Furaha yangu ya sasa haikufukia hayo. Nilipaswa kukuambia hivyo kabla ya kuimba uani, si leo wakati sanduku lako limeshafungwa. Mimi mke wangu nitamwita Mwalimu. Wewe mwite unavyoona, au usimwite. Na habari ya Krismasi sitakuuliza tena. Lulindi wana kanisa zuri, na

Umeingia sasa hivi. Nimeifunika barua kwa kiwiko. Umesimama mlangoni, mkono kiunoni, kama Sista mkuu wa wodi, na tumesemezana hivi, nayaandika upesi kabla hayajapoa:

"Baba."

"Naam."

"Mama Danieli ananiuliza kama una homa."

"Sina."

"Anasema umepita nyumba zote."

"Nimepita."

Ukakwangua ukuta kwa kidole. Nikasikia moyo wangu mwenyewe, na ulikwenda mbio kweli.

"Vitabu vya Mwalimu vimejaa chumbani kwangu," ukasema, umekunja uso. "Mpaka juu ya kitanda. Sasa Krismasi nitalala wapi, juu ya ramani?"

Nilishika ukingo wa meza. Nikajibu kwa sauti ya mtu anayesoma kipimo cha homa: "Vitahamishwa."

"Lini?"

"Leo."

"Haya." Ukaondoka.

Naacha kuandika. Kama jioni hii umesikia kishindo chumbani kwako, na kabati likiburutwa, na Mwalimu akipiga kelele kwamba ramani ya Afrika inachanika, na sauti ya mwanamume anaimba, basi sasa unajua alikuwa nani.

Nenda salama, mwanangu.

Ni mimi baba yako, ambaye kitabu kimemwangukia kidoleni na hasikii maumivu.